Nafasi ya Jina la Tatu

Mpaka leo nikikumbuka jibu la yule bwana, damu inanichemka.

Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, karani wa kadi katika zahanati ndogo ya Iftin, mjini Garissa. Kompyuta yetu ilikuwa kuukuu, ya msaada, nami niliiwekea Linux, mfumo wa kuiendesha, kutoka kwenye sidii iliyokuja na gazeti la Nairobi. Nilichoipendea ni kwamba programu zake zilikuwa wazi: unafungua, unasoma zilivyoandikwa, unarekebisha, na humwombi mtu ruhusa. Humo nilipata programu ya kutunza kadi za wagonjwa, nikaileta kazini kwa majivuno.

Ilikuwa na nafasi mbili tu: jina la mtu na jina la ukoo. Sisi Wasomali hatuna jina la ukoo la namna hiyo. Mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Kwa hiyo muuguzi wetu, mgeni kutoka Machakos, aliandika la kwanza na la mwisho, la katikati akaliacha.

Asubuhi moja alikuja mama kutoka mtaa wa Galbet na mtoto wa kuchanjwa surua. Muuguzi alibonyeza, akatikisa kichwa.

"Mama, huyu ameshachanjwa. Kompyuta inaonyesha."

"Wallahi bado! Hiyo ni mtoto ya shemeji yangu. Jina moja, babu moja, baba ndiyo ingine. Na hii ni mara ya bili nakuja."

"Lakini imeandikwa hapa, mama."

"Hiyo kombuta ndiyo imezaa yeye, ama ni mimi?"

Nilikuwa nyuma yao, nimeona aibu, maana mashine ile niliileta mimi. Mtoto alichanjwa siku hiyohiyo. Lakini ni wangapi waliorudishwa nyumbani kwa sababu mama zao hawakuwa na ulimi mkali?

Nilikaa wiki nzima na programu ile mpaka nikaiongezea nafasi ya jina la tatu. Hata hivyo, kurekebisha yetu peke yake hakukutosha. Toleo jipya likija lingefuta kazi yangu, na wale binamu wangekuwa mtoto mmoja tena. Ilibidi mwenye programu, huko ng'ambo, akubali. Niliweka kazi yangu kwenye disketi, nikaipeleka kwa basi hadi Nairobi kwa binamu yangu mwenye barua pepe. Jibu lilirudi limechapishwa kwenye karatasi: kila mtu duniani ana jina la ukoo, rekebisheni orodha yenu.

Rekebisheni! Yaani mama wa Galbet akatafute ukoo wa kizungu ndipo mwanawe achomwe sindano? Nilimwandikia tena, na adabu niliiweka kando. Nilimwambia kuna watoto wawili, na programu yake inampa chanjo mmoja tu, basi yeye achague yupi augue. Chini nikaweka majina yangu yote matatu.

Miezi ikapita, likaja toleo jipya. Kabla ya kuliweka nilichungulia ndani. Nafasi ya tatu ilikuwepo! Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Kisha nikafungua orodha ya shukrani. Alishukuriwa Bwana fulani, na jina lilikuwa la babu yangu peke yake, lile la mwisho katika barua yangu. Babu yangu, aliyewachotea ngamia maji kwenye visima vya Wajir mpaka akafa, na kalamu hakuwahi kushika.

Baba alicheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe mzee wangu alikuwa fundi wa kompyuta!"

Mimi sikucheka. Yule bwana alisoma barua yangu, akaichukua kazi yangu, kisha akanifanyia yaleyale aliyowafanyia watoto wale.

Kwenye mashine yetu nilifungua orodha ile, nikalifuta lile "Bwana", nikaandika majina yangu matatu. Nilijua vizuri kwamba toleo lijalo litayafuta.