Mkuki wa Jirani Kwenye Mgomba Wetu

Nguruwe pori hali mahindi kama ng'ombe anavyokula. Anaangusha bua, anatafuna hindi kidogo, analiacha, anahamia bua jingine. Asubuhi unakuta shamba limelala chini kama vile mtu aliburuta gogo juu yake. Kwetu ni juu ya Makumira, pale mashamba yanapokutana na msitu wa Mlima Meru, na wanyama hao wakizoea shamba lako, mwaka huo utakula vya kuomba.

Ndiyo sababu tulikuwa na msako. Kijiji kilipewa ruhusa ya kuwaulia mashambani tu. Ukivuka mpaka wa msitu na mkuki mkononi, hiyo ni kesi nyingine, na hakuna aliyetaka kesi.

Msako ulifanyika mchana. Wanawake na watoto walianzia chini, kwenye nyumba, wakipanda na madebe yao wakiyapiga, mbwa wakiwa mbele. Sisi wenye mikuki tulisubiri juu, kwenye ukanda wa migomba uliopo kati ya mahindi na msitu, kwa sababu nguruwe akishtuka hukimbilia kwao msituni. Kila mbwa alifungwa njuga shingoni. Mahindi yakitikisika na njuga inalia, huyo ni mbwa, mwache apite. Yakitikisika kimya, inua mkuki. Sheria hiyo tuliikuta kwa wazee, na sikuwahi kusikia mtu akiuliza habari ya binadamu, ambaye naye hana njuga.

Aliyetupanga ni baba mkubwa, kaka yake baba. Alikuwa anamshika mtu bega na kumsimamisha mahali pake kama anasimika nguzo. "Mgomba wako ni huu. Ukihama bila kusema, usije ukanililia." Lakini kusema kwenyewe kulikatazwa, maana nguruwe ana masikio. Kwa hiyo tulikaa kimya. Mimi kimya hakinisumbui, ninaweza kumaliza siku nzima kwa salamu tu, na baba mkubwa alikuwa ananitania mbele ya watu.

"Wewe bubu, nguruwe akikutokea utapiga kelele au utampa shikamoo?"

"Atampa shikamoo," mtu mwingine alijibu kwa niaba yangu, "halafu atampisha njia."

Walicheka, na mimi nikacheka nikitazama chini.

Hatari nilikuwa nimeshaziona kabla ya siku ninayotaka kuieleza. Niliwahi kunasa mguu kwenye waya wa mtego ambao mtu aliutega na kuusahau, nikaanguka kifudifudi, mkuki wangu ukatangulia na kusimama ardhini mbele ya uso wangu. Tangu hapo nikitembea kwenye mteremko naubeba mkuki ubavuni, ncha ikitazama chini, upande wa bonde. Mara nyingine dume lililojeruhiwa lilijilaza kwenye majani kama mzoga, na mbwa wetu wa kwanza alipolisogelea likampasua tumbo. Lingeweza kuwa tumbo langu, kwa sababu nilikuwa nimeshainama kulishika mguu. Mambo hayo yalinitisha, lakini yalikuwa ya wanyama na waya, na hayakunifanya nimtazame mtu vibaya.

Siku hiyo kulikuwa na manyunyu. Nilijifunika gunia la katani kichwani, lile tunalowekea kahawa, kama wote tulivyozoea. Mahali pangu palikuwa mgomba wa mwisho wa shamba letu. Kushoto kwangu kulikuwa na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda kuonyesha mpaka, na ng'ambo ya masale, chini ya mparachichi, alisimamishwa jirani yetu.

Jirani huyu na baba walikuwa hawaelewani. Baba alisema kwamba masale yalikuwa yamehama. Mwaka mmoja mvua kubwa iliyang'oa, jirani akayapanda upya baba akiwa hayupo, na baba alipotazama aliona mstari umepinda kuja kwetu. Jirani alisema hajapindisha chochote. Tangu hapo waliachana na kutembeleana, ikabaki kusalimiana tu, na salamu zenyewe zilikuwa fupi.

Madebe yalianza, mbwa wakabweka, kisha nikasikia sauti ya baba mkubwa kutoka mbali, "Amerudi chini! Amekwenda mtoni!" Nguruwe alikuwa amewazunguka wafukuzaji. Nikajua msako umeisha. Wakati huohuo mbwa wetu alinifikia, akapita kati ya migomba, na kamba ya njuga yake ikanasa kwenye waya wa mtego mkuukuu. Alianza kujinyonga. Nikapiga magoti, nikaifumbata njuga mkononi ili niilegeze kamba. Njuga ikanyamaza. Majani makavu ya mgomba yakawa yanatikisika juu yangu.

Nilisikia kama mtu amepiga shina kwa ngumi. Maji ya mgomba yakanitiririkia shingoni, ya baridi. Niliinua macho nikaona mpini wa mkuki ukitetemeka karibu na sikio langu.

Haukutoka kwenye mparachichi. Mparachichi ulikuwa kushoto. Mkuki ulitoka nyuma yangu, upande wa msitu, na huko nyuma, ndani ya mpaka wetu, alikuwa amesimama jirani.

"Nilidhani nguruwe," alisema.

Alikuja akauchomoa mkuki, akapitisha kidole gumba kwenye chuma taratibu, akakinusa. Halafu akageuza kichwa huku na huku kama anayetafuta ni nani mwingine ameona. "Hujaumia?" aliuliza. Nikatikisa kichwa. "Hujaumia?" aliuliza tena kwa ukali kidogo, nikasema, "Hapana, baba." Akaenda zake.

Hicho kidole ndicho kilichoninyima usingizi. Mtu amekaribia kuua mtoto wa mwenzake, na jambo la kwanza anapangusa chuma chake.

Nilipowaeleza nyumbani, mama alinishika shingo akaitazama pande zote, ingawa nilishasema sikuguswa. Baba alitoka, akasimama kwenye masale muda mrefu, akarudi. "Alianza na mpaka," alisema. "Sasa anataka mrithi wa mpaka."

Neno hilo liliingia ndani yangu na kukaa. Mimi ndiye mtoto pekee wa kiume kwetu. Kuanzia hapo kila kitu cha jirani kilikuwa na maana ya pili. Akinoa panga, nilihesabu kwamba ananoa ili nisikie. Nikimpa shikamoo njiani, alikuwa ananyamaza kwanza akinikazia macho, ndipo aseme marahaba, nami niliona anapima shingo yangu. Mke wake alituletea mkungu wa ndizi mbivu, mama akashukuru vizuri sana, na alipoondoka akawapa mbuzi. Tukawatazama mbuzi mpaka jioni. Hawakufa.

Nikaona nisibaki na maneno ya baba peke yake. Nilimwomba mama avae lile gunia, apige magoti kwenye mgomba wangu, atikise majani. Mimi nikaenda kusimama pale jirani alipokuwa.

"Unaniona?" mama aliuliza.

Nilimwona. Sikumwona sawasawa, kwa sababu gunia lilifanana na majani makavu, lakini niliona mkono, niliona kisigino. Mtu mwenye subira angeona ni binadamu. Kisha nikaenda kwenye mparachichi, nikatazama, na huko sikuona kitu, ni giza la majani tu. Basi aliacha mahali peusi, akavuka masale, akasimama mahali peupe panapoonyesha kisigino cha mtu, ndipo akarusha. Nilirudi nyumbani na shaka kubwa kuliko niliyoondoka nayo.

Jumapili, baada ya ibada, jirani alikuja kwetu akifuatana na baba mkubwa. Mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo.

Kwa asiyejua, isale ndilo tunalopandia mpaka, na ndilo hilohilo tunaloombea msamaha. Mtu akikuletea isale, halikataliwi. Hata kama amemwaga damu, ukilikataa laana inakuwa yako. Na ukishalipokea, jambo limekwisha, halitajwi tena, si kwa hasira wala kwa kuuliza. Nililitazama lile jani nikaona jinsi lilivyokaa vizuri mkononi mwake. Likiingia mkononi mwangu, nisingejua kamwe kama mtu huyu alitaka kuniua. Na msako ujao ningesimama tena karibu naye.

Baba aligeuza uso ukutani. Baba mkubwa akasema, "Mdogo wangu, isale halikataliwi, unajua."

"Sijakataa. Kwani limeletwa kwangu? Muulize aliyerushiwa."

Wote wakanigeukia. Mama aliniashiria kwa macho nipokee, yaishe.

"Nitalipokea," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo mpaka baba mkubwa akaweka mkono sikioni. Nikarudia, nikimwelekea jirani. "Nitalipokea, baba. Lakini bado sijalishika, kwa hiyo naweza kuuliza. Ulipangwa kwenye mparachichi. Kwa nini ulikuwa nyuma yangu?"

"Loo!" baba mkubwa alisema. "Bubu ameanza na mashtaka!"

"Mwache," jirani alisema. Alizungusha jani vidoleni. Nje, kuku walikuwa wakiparura. "Kwenye mparachichi sioni."

"Hakuna anayeona pale," baba mkubwa alimsaidia, "ni giza la..."

"Sioni, nimesema. Jicho hili la kushoto lina ukungu. La kulia linalifuata. Nilihama nipate mwanga."

"Tangu lini?" baba aliuliza, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa jirani kwa muda mrefu.

"Tangu mavuno yaliyopita."

"Na umebeba mkuki?"

"Ulitaka nibebe debe? Nitembee na wanawake na watoto, mtu mzima, nikigonga debe?"

Hakuna aliyecheka. Nikakumbuka kidole gumba kikipita kwenye chuma, na pua. Alikuwa anatafuta damu. Hakuweza kuiona, kwa hiyo aliitafuta kwa kidole. Nikakumbuka marahaba iliyochelewa. Alikuwa anangoja anijue kwa sauti, na sauti yangu ni ndogo.

Lakini sikutaka kuamini haraka, kwa sababu mtu anaweza kuwa na ukungu machoni na kitu kingine moyoni. Nikauliza la mwisho. "Uliona nini uliporusha?"

"Majani."

"Majani tu?"

"Yalitikisika, na hayakuwa na njuga." Alinyanyua uso kuelekea upande wangu, si machoni pangu hasa, kidogo pembeni. "Sikuona nguruwe, mwanangu. Nilisema nilidhani nguruwe, lakini sikuona nguruwe wala mtu. Nilirushia sauti."

Basi nikanyoosha mkono. Alilitoa jani likapita kando ya vidole vyangu, nami nikalifuata nikalishika.

Baba mkubwa alitaka tuagane hapohapo, lakini niliwaambia kwamba isale limefunga habari ya jirani na mimi, halijafunga habari ya msako. Baba mkubwa akaniangalia kama mbuzi amemsemesha. Tulikaa mpaka chai ikapoa. Tukakubaliana kwamba anayesubiri avae njuga mguuni, asiitikise mpaka akihama au akiinama. Asiyeona umbo zima, kichwa na miguu, asirushe. Na sauti ya "amerudi chini" ikisikika, mikuki yote ichomekwe ardhini kabla ya mtu kugusa mbwa au kamba. Baba mkubwa alinung'unika kwamba tutafanana na wacheza ngoma.

"Afadhali tucheze," mama alisema kutoka jikoni.

Siku hizi nashuka mjini, Njiro, siku za kazi, nakata ua wa miti na nyasi kwenye nyumba za watu, na huko nayakuta masale yamepandwa kwenye vyungu kama mapambo. Huwa nayamwagilia tu, sipendi kuyakata. Msako ukiitwa napanda nyumbani.

Wa kwanza baada ya yale, nilisimama kwenye mgomba uleule. Kovu la mkuki lilikuwa limegeuka jeusi. Niliifunga njuga mguuni, na kabla madebe hayajaanza nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya watu. Nilipiga kelele, "Niko hapa! Mgomba wa mwisho!"

"Amezaliwa leo!" mtu alijibu kutoka kwenye mahindi, na vicheko vikapanda mteremko mzima.

Kisha kutoka chini, kwenye nyumba, kati ya wanawake na watoto, debe moja lililia pigo zito kuliko mengine. Mama alikuwa ameniambia kwamba jirani ameacha mkuki na kushika debe, na nitalijua lake kwa uzito huo. Baba, aliyesimama mbali kidogo nami, hakutazama huko. Alikuwa anayatazama masale, na hilo la mpaka hadi leo hakuna aliyelifungia isale.

Mimi nililisikiliza lile debe. Lilikuwa linapanda polepole, likisimama na kuanza tena. Nilikuwa nimeshapokea msamaha, na sikuwa na haki ya kuuliza chochote. Hata hivyo, kila liliponyamaza, nilitikisa mguu wangu njuga ilie, nikageuka kutazama nyuma yangu, upande wa msitu, mpaka lilipolia tena chini.