Ngozi Mpya ya Mama

Mama aliungua mguu akimnyanyua kaka yangu. Kaka alikwenda vitani Uganda akarudi mzima, akafanya kazi ya udereva wa malori, kisha miaka kadhaa baadaye akaanza kuugua ugonjwa ule ambao kwetu Muleba watu waliutaja kwa kunong'ona. Asubuhi hiyo alitaka kuota jua. Mama akamshika kwapani, wakayumba, sufuria ya uji ikapinduka mafigani na kummwagikia mama mguuni. Hakumwachia. Alimkalisha kwanza, ndipo akapiga kelele.

Mimi nilikuwa muuguzi Bukoba mjini, nimepanga chumba Bilele. Niliomba likizo nikarudi nyumbani kuwauguza wote wawili. Mwaka huo nilikuwa nimeshaomba ruhusa mara mbili, zote za kuzika dada zangu.

Kila asubuhi nilikifungua kidonda cha mama nilivyozoea kazini. Nilivuta shashi iliyokauka kwa mkupuo mmoja, nikasugua mpaka nyama ikawa nyekundu, nikafunga upya. Mama aliuma pindo la kanga, machozi yakamtoka. Wiki ya tano ilifika na kidonda bado ni kipana vilevile. Nilichoka hadi nikaanza kumlaumu mgonjwa.

"Mama, unazunguka mno kibanjani, kwenye migomba."

"Ndizi atakata nani? Wewe?"

Shashi zilipoisha nilikwenda kuomba hospitali ya jirani. Daktari wa pale, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliniuliza ninafungaje. Nilipomweleza, akavua miwani.

"Dada, unaibandua ngozi kila siku."

Nikamwambia hakuna ngozi pale, ni nyama tupu.

"Ipo, huioni tu. Kwenye kidonda kama hicho ngozi haichipui kutoka chini. Inatambaa kutoka ukingoni. Seli zake zina protini za kushikia. Nyingine zinazishikanisha seli zenyewe kwa zenyewe, nyingine zinashika sakafu ya kidonda. Ili isogee, seli inashika mbele, inaachia nyuma. Iking'ang'ania, haiendi. Ikiachia kote, inapotea. Zikikutana na zile za upande wa pili, zinashikana na kusimama. Sasa wewe unakuja na shashi kavu, unazing'oa zote. Zinaanza upya."

Nilirudi kwa miguu. Njiani niliketi kando ya barabara nikawaza wagonjwa wote niliowafunga namna ile. Sikulia. Nadhani machozi yalikuwa yameisha.

Nilimkuta mama akimenya ndizi, mguu kaunyoosha.

"Mama, kidonda hakiponi kwa sababu yangu. Nilikuwa ninakichuna."

Aliweka kisu chini. "Mimi nilidhani maumivu ndiyo dawa yenyewe," akasema. Kisha akaokota ndizi nyingine. "Basi acha kuchuna."

Kuanzia hapo nililowesha shashi kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, mpaka ikajiachia yenyewe. Nilipaka vaselini, nikafunga, nikajizuia kufungua kwa siku mbili. Hilo la kujizuia ndilo lililoniwia gumu zaidi. Wiki ya pili niliona ukingoni utepe mwembamba wa waridi, kama utando juu ya maziwa. Nilimwita mama auone. Akasema ni kidogo sana.

Kaka alifariki kabla utepe ule haujafika katikati. Mama alikaa matangani kwenye nyasi tulizotandika sebuleni, mguu juu ya mto, nami nikawazuia watu wasimsimamishe kila anapokuja mwombolezaji. Wengine walisema nimekuwa mkali kama askari.

Kidonda kilifunga baada ya matanga. Siku iliyofuata niliamka nikamkuta kibanjani, jembe mkononi. Nilitoka kwenda kumgombeza. Nilisimama tu kati ya migomba.

Mama akaniangalia usoni. "Nenda kalale, mwanangu. Leo hakuna mgonjwa mle ndani."

Nikarudi ndani, nikajilaza palepale sebuleni kwenye nyasi za matanga ambazo hazijaondolewa, na jamaa waliobaki wakanipita hadi jioni bila kuniamsha.