Samaki wa Jirani Yetu na Ushahidi wa Baba

Juma lililopita tulimzika jirani yangu wa siku nyingi, fundi wa simu mstaafu, ambaye alifuga samaki sebuleni mwake tangu ujana wake hadi siku alipolazwa. Habari ya kifo chake ilinifikia kwa njia niichukiayo kuliko zote. Mwanamke mmoja wa sokoni hapa Kenya, mtaa wa mji wetu wa Katanga na si ile nchi, alinieleza, huku akipima unga, kwamba mzee ameuawa na samaki wake kwa kuwa walikuwa samaki wa kichawi. Hatua chache mbele mshona viatu akanihakikishia kuwa ameumwa na mmoja wao kidoleni na sumu ikapanda. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa marehemu nikamuuliza binti yake. Akanijibu kwamba figo zilikuwa zimechoka, kwamba baba yake alikunywa uji kidogo, akalala, hakuamka. Hiyo ndiyo habari. Wasomaji wanaonifuata katika safu hii wanajua nilivyo mkali juu ya jambo hili: sisemi nisichokiona, wala siandiki nilichosimuliwa na mtu aliyesimuliwa na mwingine. Leo nitawaeleza kanuni hiyo niliipata kwa nani, na kwa nini tangu mazishi yale ninaitamka kwa aibu.

Marehemu alizaliwa katika jimbo jirani la Kasai, akaletwa mjini kwetu akiwa mdogo, akasomea ufundi na kuajiriwa katika karakana ya simu ya kampuni ya madini. Hakuwa mnyenyekevu. Alijua kwamba anajua, na alitaka nawe ujue hivyo. Katika miaka ile ambayo jimbo letu la Katanga lilijitangaza kuwa nchi ya peke yake, Wazungu wengi waliondoka kwa haraka, na mmoja wao alimwachia tangi la vioo lenye fremu ya chuma, lile wanaloliita akwariamu. Watu wengine wangelifanya pipa la maji. Yeye alilijaza mchanga laini wa mtoni, akalaza ndani yake kipande cha bomba la udongo, kisha akaagiza samaki mmoja kutoka Bukama, aliyekuja kwa treni ndani ya bidoni la maziwa. Samaki huyo alikuwa mweusi, na pua yake ilikuwa ndefu, imepinda chini kama mkonga. Mchanga ulipaswa kuwa laini ili pua isichubuke, kwa kuwa aliitumia kufukua chakula kama kuku anavyochakura. Hakula makombo ya ugali wala mkate. Alikula minyoo myembamba tu, ambayo mwenyewe aliichota mferejini kila jioni akiwa amevaa shati jeupe la kazini, na jirani wote wakimcheka. Maji ya bomba aliyaacha kwanza yakae ndani ya pipa hadi dawa iishe ndipo ayamimine. Ukigonga kioo kwa kidole, alikutoa nje, uwe nani.

Basi Jumapili moja baada ya misa alitualika, baba yangu na mimi na watu kadhaa wa barabara yetu, tumsikilize samaki. Alikuwa ametumbukiza nyaya mbili majini na kuziunganisha na matumbo ya redio mbovu aliyoifufua. Samaki wa aina ile, alitueleza, hutoa umeme mdogo sana mkiani, na kwa umeme huo hupapasa gizani kama kipofu kwa fimbo yake. Redio ikaanza kulia, tik, tik, tik-tik-tik, kama karani anayepiga mashine. Watu wakacheka wakashangaa. Baba yangu hakucheka. Alikuwa msimamizi katika reli, mzaliwa wa kaskazini mwa Katanga, katekista, mtu ambaye hata barabarani alikuwa akiulizwa nani mwenye haki, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba haongezi wala hapunguzi neno. Alisema redio inaweza kulia yenyewe. Akaomba wavu. Akamtoa samaki majini kwa mkono wake, na redio ikanyamaza. Akamrudisha, redio ikalia. Akarudia tena, kisha akauweka wavu chini, akatamka kama hakimu, "Ni yeye." Hapo ndipo alipocheka, akampa samaki jina la Karani, akasema, "Uyu anapiga domo kupita mama mukwe wangu." Marehemu akamjibu kwamba Karani ana heri, kwani hata akisema mingi haombi bia. Nilikuwepo. Niliona wavu mkononi mwa baba, na sitaki msomaji yeyote asahau jambo hilo.

Mwaka uliofuata mambo yaliharibika. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa mjini, vizuizi viliwekwa barabarani, milio ya bunduki ilisikika mchana, na watu wa Kasai, ambao jana walikuwa mafundi na walimu wetu, wakaanza kuitwa wageni na wasaliti. Wengi walikimbilia kambi ya mahema pembeni mwa mji. Marehemu alikataa kuondoka. Alisema minyoo haitajichota yenyewe. Ndipo uvumi ukaanza kwamba fundi wa simu, Mkasai, ana mashine inayogonga, na kwamba kwa mashine hiyo anawapelekea adui habari. Siku doria ya askari wa Katanga ilipofika nyumbani kwake, mimi sikuwepo. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya upande wa pili wa mji, na njia ilikuwa imefungwa. Niliporudi, barabara ilikuwa na masimulizi zaidi ya moja, nami sikuamini hata moja, hadi baba yangu aliponiketisha na kunieleza mwenyewe.

Alinieleza bila kuficha, tena kwa fahari kidogo. Mkuu wa doria alizikuta nyaya, akawasha redio, ikalia. Marehemu, mbele ya bunduki, akafanya lile lile lililofanyika siku ya Jumapili. Akamtoa samaki majini, redio ikanyamaza. Mkuu wa doria akamtazama akasema, "Ah, sasa umeizima." Jirani walikuwa wamejaa uani, wale wale waliocheka baada ya misa. Marehemu hakuwageukia wao, alimgeukia baba yangu, ambaye neno lake lilikuwa na uzito hata kwa wenye bunduki. Akamwambia mkuu yule amuulize huyu baba, anamjua samaki, yeye ndiye aliyempa jina. Na baba yangu akaulizwa.

"Miye nilisikia mulio tu," alijibu. "Ile ya kusema ni samaki, ni yeye alisema."

Walimchukua. Tangi lilipinduliwa uani. Baba alipomaliza kunisimulia aliongeza kwamba mtu asidhani alidanganya, hakutia neno lolote ambalo halikuwa la kweli. Mimi nilimwuliza juu ya wavu. Akaniambia hakuulizwa juu ya wavu, akainuka, akaenda kusali.

Marehemu alirudi baada ya wiki nyingi, amekonda, mkono mmoja haunyooki. Aliishi kambini na mkewe hadi vita vilipokwisha, kisha akarudi katika nyumba ile ile mkabala na yetu, akatengeneza tangi jipya. Kila asubuhi alipokwenda kazini alimwamkia baba yangu kwa heshima yote, naye baba alimwitikia. Walikwenda hivyo hadi baba alipofariki. Baadaye, sote tukiwa wazee, nilimwuliza marehemu mambo yalivyokwenda siku ile, kwa kuwa nilitaka ushahidi wa upande wa pili. Masimulizi yake na ya baba yalilingana neno kwa neno. Kisha nikamwuliza kama aliwahi kumkasirikia. Alikuwa akisugua ukungu kwenye kioo, wala hakuniangalia.

"We mudogo," alisema, akiuita uongo bongo kama tunavyouita mtaani, "baba yako hakusema bongo. Ni ile iliniumiza. Kama angesema bongo, ningemujibu."

Nimeyafikiri maneno hayo kwa miaka mingi. Tunaulaumu uvumi, nami nimeulaumu katika ukurasa huu kuliko yeyote, kana kwamba mji wetu uliharibiwa na watu wasiojua kitu. Si kweli. Uvumi ulimfikisha mkuu wa doria mlangoni tu. Kilichomwingiza ndani na kumtoa mtu amefungwa ni neno la shahidi mwadilifu, aliyepima kila silabi ili isiwe ya uongo na isimgharimu kitu. Kanuni ambayo baba alinirithisha, ya kutosema nisilolijua, siku ile aliigeuza kichaka cha kujifichia asiseme alilolijua. Na mimi nimeishi kwa jina la mtoto wa mtu mwaminifu.

Msibani, mzee mmoja wa barabara yetu alisimama kuwasifu majirani. Alisema kwamba wakati ule mgumu barabara nzima ilimsimamia marehemu, na kwamba baba yangu alikuwa wa mbele kumtetea. Watu wakaitikia. Binti wa marehemu akatazama chini. Mpwa wangu alinishika mkono wa koti, akaninong'oneza niyaache ya wafu. Nilisimama hata hivyo, nikasema kwamba baba yangu hakumtetea, na kwamba alijua ni samaki, kwa kuwa alimtoa majini kwa mkono wake mwenyewe. Binti wa marehemu ndiye aliyeinua uso.

"Rudilia, baba," aliniambia. "Bale ba nyuma habakusikia."

Nilisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Shahidi hamalizi kazi yake kwa kujiepusha na uongo. Anaimaliza anapokuwa amesema yote anayoyajua, mbele ya yule mwenye nguvu, wakati bado kuna mtu wa kuokolewa. Mimi niliyasema mbele ya jeneza.