Draiva Niliyomficha Mzee Gervasi

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi pale Mbinga mjini, na kando yangu mzee kipofu alikuwa akitaja majina ya watu mmoja mmoja, akijaribu kuokoa kazi yake kutokana na kosa langu, na wala hajui kwamba kosa ni langu. Nakusimulia kwa sababu siku hizi nakuona nawe unashinda kwenye kompyuta, na nimeuona mkono wako ukibonyeza "ndiyo" kabla macho hayajamaliza kusoma swali.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa parokia moja kando ya ziwa, upande wa Ngumbo. Vitabu vya ubatizo vilikuwa vimeingiwa na maji ya mvua, na mchwa nao wakaonja walipoweza. Padri akaamua kila jina liingizwe kwenye kompyuta kabla kurasa hazijawa unga. Mimi nilijua kupiga chapa. Aliyeweza kusoma ule wino uliofifia alikuwa mmoja tu, katekista wetu, Mzee Gervasi. Ujana wake wote alikuwa amezunguka vigango, yale makanisa madogo ya vijijini, kwa miguu, mpaka Liparamba huko, na akiona herufi mbili tu za jina alijua ni mtoto wa nani na mama yake alitoka kijiji gani. Yeye akasoma, mimi nikaandika. Tulikwenda hivyo mwaka mzima na ushei, kila alasiri jenereta ilipowashwa.

Tulipokaribia kumaliza, macho yakamwacha. Ilikuwa presha ya macho, na hospitalini walimwambia kilichokwisha kupotea hakirudi. Kwa hiyo kazi ile isingeweza kufanywa mara ya pili. Nakala hatukuwa nayo. Padri alikuwa ameniagiza kila Ijumaa ninakili majina kwenye diski ndogo, nami kila Ijumaa nilipata udhuru.

Sasa kosa lenyewe. Dada yangu aliolewa kule Maguu, harusi ikarekodiwa, nikaletewa CD. Kwenye kompyuta ya parokia picha ilikuwa ikikwama: bibi harusi anaingia kanisani kama mtu anayevutwa kwa kamba. Rafiki yangu mmoja akanipa CD nyingine, akasema ina draiva ya kuifanya picha iende vizuri. Draiva ni programu ndogo inayoielekeza kompyuta namna ya kutumia kifaa fulani, kama printa, spika au kioo. Ile niliyopewa ilikuwa ya picha kweli, ila ya mashine ya aina nyingine. Nilipoiweka, kompyuta iliniuliza: draiva hii haijathibitishwa, je, unaendelea? Nikaendelea. Ikaniomba iwashwe upya. Nikakubali.

Ikaanza kuwaka, nembo ikatokea, kisha kioo kizima kikawa cha buluu chenye maandishi meupe, ikajizima. Ikajiwasha, nembo, buluu, ikajizima. Nilihesabu mara tisa, halafu nikaacha kuhesabu.

Padri alipouliza, nilijibu, "Jenereta iliyumba, Baba." Jenereta yetu ilikuwa na sifa mbaya, hakuna aliyeitetea.

Ikaamuliwa niipeleke Mbinga. Mzee Gervasi akasema naye anakwenda. Tulipanda lori la wachuuzi wa usipa, dagaa wa ziwani kwetu, kompyuta tumeiviringisha blanketi, naye akaipakata njia yote ya milima kama mtu aliyepakata mgonjwa. Mahali fulani juu kule, baridi ilipoanza, akaniuliza, "Osmundi, hakuna kingine ulichokigusa?"

"Hakuna, Mzee."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile mimi niliiona ndefu, kona baada ya kona.

Fundi aliitwa Adelina, mama wa makamo aliyeanza na redio na mashine za kupigia chapa, kisha akajifunza kompyuta kwa kuzifungua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na kabla hajagusa skrubu hata moja akauliza, "Kitu cha mwisho kilichofanyika kabla haijaharibika ni nini?"

"Umeme wa jenereta uliyumba, mama."

Akaniamini. Alifungua, akapima mfumo wa umeme, akachomoa kadi za kumbukumbu akazisugua kwa raba ya wanafunzi, akarudisha, akapima tena. Ikawa siku nzima. Tulilala kwa binamu wa Mzee Gervasi, na kesho yake asubuhi tukamkuta fundi amekaa, mikono imetulia.

"Vyote vizima," akasema. "Kama ni umeme, basi umeumiza diski, na diski ndiyo ghala la kila kitu chenu. Ninayo programu ya kuikarabati, lakini hukata palipooza. Ikikata jina, jina halirudi. Siianzi bila ruhusa ya mwenye kazi."

"Yatapotea mangapi?" Mzee Gervasi akauliza.

"Siwezi kujua, baba. Labda machache, labda mengi."

Mzee akasema, "Basi subiri. Osmundi, tafuta daftari. Ninayoyakumbuka nitayataja, uandike kabla hajaanza."

Akaweka mikono magotini, akaanza. "Yohana, mtoto wa Bruno na Agneta, Liparamba. Otilia, mtoto wa hao hao. Otilia alikuwa pacha, mwenzake alifariki kabla ya maji ya ubatizo, mwandike pembeni." Nikaandika. Akaenda hivyo, wa tatu, wa nne, wa tano. Kwa wa sita akakwama. "Benedikta. Mama yake Skolastika. Baba yake alikuwa... alikuwa..." Akapiga goti lake taratibu kwa ngumi, mara mbili, kana kwamba jina limejificha humo.

Hapo mkono wangu ukagoma kuandika.

"Mama, usianze," nikamwambia fundi. "Si jenereta. Niliweka draiva ya picha. Nilipoiwasha upya ndipo ikaanza."

Adelina aliondoa mikono kwenye kibodi. Alinitazama muda mrefu. "Jana nzima nimepima kisichoumwa," akasema, wala hakupandisha sauti.

Akaiwasha, na kabla nembo haijatokea akawa anagonga kitufe cha F8 mfululizo. Ikaja orodha ya maandishi meupe juu ya weusi. Akachagua hali salama, yaani kompyuta iamke na vitu vya lazima tu, isiite draiva za ziada. Kioo kikawaka kibaya, herufi kubwa, rangi chache. Lakini kiliwaka, na kikabaki. Akafungua orodha ya vifaa, akakitafuta cha picha, akaamuru irudishwe draiva ya zamani, na ile yangu akaiondoa. Akaiwasha upya kwa njia ya kawaida. Nembo ikatokea, ikapita, na majedwali yetu yakawa pale, kama tulivyoyaacha. Kazi yote ilichukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai.

"Nisomee Benedikta," Mzee Gervasi akasema.

Nikamtafuta. "Mama, Skolastika. Baba, Kasiani."

"Kasiani," akarudia, akafuta uso kwa kiganja. "Kasiani mfua chuma."

Hakunikemea mbele ya fundi. Alisubiri mpaka tulipokuwa tumesimama peke yetu, tukingoja gari la kushukia ziwani. "Mashine inaweza kumshinda yeyote," akasema, "kwa hilo sikulaumu. Lakini njiani nilikuuliza. Mimi sioni, Osmundi, natembea kwa maneno ya watu. Ukinipa neno la uongo, umenielekeza shimoni."

Tuliporudi tulitoa nakala tatu, moja ikapelekwa mbali na parokia. Lakini usidhani mambo yaliishia hapo kwa furaha. Kwa muda mrefu Mzee Gervasi alikuwa akimwita mtu mwingine amhakikishie nilichomsomea. Kompyuta ilipona asubuhi moja. Kwangu mimi ilichukua misimu miwili ya mvua kabla hajaniita nimsomee barua kutoka kwa mwanawe bila shahidi. Amekwisha kutangulia mbele ya haki. Majina yale yapo, na vijana wanaotaka kufunga ndoa bado huletewa vyeti kutoka humo.

Basi sikia, mwanangu. Kabla hujaongeza kitu kwenye mashine, weka nakala ya kazi, hasa ikiwa kazi si yako peke yako. Ikikuuliza, soma swali mpaka mwisho. Ikikataa kuwaka baada ya kuongezewa kitu, usikimbilie kufuta yote. Kompyuta za sasa zikishindwa mara kadhaa hufungua zenyewe ukurasa wa kujirekebisha. Tafuta humo hali salama, iamshe kwa vichache, ondoa ulichoweka mwisho, ndipo uiwashe tena. Na anayekuja kukusaidia akiuliza ulifanya nini, mwambie, hata kama ni aibu, hata kama kuna mtu unayemheshimu amekaa kando. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine maradhi yenyewe yalikuwa madogo.

Ukikosea, nawe utakosea, Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema ukweli ungali na faida. Akukutanishe na mafundi wanaouliza kabla ya kukata. Na watu watakaokukabidhi kazi ya maisha yao, akujalie uwarudishie ikiwa nzima. Nenda na amani.