Wabishi wa Maziko Leo

Wardah binti Shee hakutaka umaarufu, hakutaka ubishi, na Mungu ni shahidi, hakutaka kabisa kujua maoni ya mtu wa Kiembeni kuhusu maana ya neno "huru". Alichotaka yeye ni watu wa Timbwani, hapa Likoni, wazikwe na watu. Basi.

Jambo lenyewe lilianza alipokufa mpagazi mmoja wa sokoni asiye na jamaa. Alikufa asubuhi akazikwa adhuhuri, kama ilivyo ada yetu, maiti haicheleweshwi. Lakini saa hizo wanaume wa Likoni wako ng'ambo ya feri, wengine bandarini, wengine viwandani Changamwe, na kipaza sauti cha msikiti kinaishia kwenye vibanda vya samaki. Babake Wardah, Mzee Shee, alirudi kutoka makaburini uso umemsawijika.

"Safu moja haikujaa, mwanangu," akasema. "Mtu kasaliwa kama wa kuokotwa."

Neno hilo lilimkaa Wardah rohoni. Yeye ni fundi wa duka la saiba, pale watu wanapochapisha vyeti na kujaziwa fomu za serikali, na kutengeneza programu amejifundisha mwenyewe. Akatengeneza moja ya simu, akaiita Maziko Leo. Mtu akifiwa, hutuma habari katika kundi la WhatsApp alilolifungua Wardah. Naye huingiza jina la marehemu, msikiti na saa, na papo hapo simu za watu zinalia huko bandarini. Watu wakawa wanaomba ruhusa kazini, wanavuka, wanazika, wanarudi. Safu zikajaa mpaka barazani.

Watu wa Kisauni nao wakaitaka. Wardah akauweka msimbo wake wazi mtandaoni, kila mtu auchukue bure. Mtandao ukamwuliza: leseni gani? Alisoma leseni za Kizungu mpaka macho yakamwuma, kisha akamwuliza babake. Mzee Shee alicheka.

"Kitu cha kheri huwekwa wakfu, mwanangu. Kwani kisima cha msikiti kina leseni?"

Basi pale pa leseni Wardah akaandika: "Programu hii ni wakfu. Haiuzwi wala hairithiwi. Atakayeitumia aitumie kwa kheri." Akalala usingizi wake, maskini, akidhani amemaliza.

Zikaja siasa. Mgombea udiwani mmoja akaichukua programu, akaigeuza rangi iwe ya chama chake, na juu ya jina la kila marehemu akapachika picha yake, mikono kaikunja kifuani, anahuzunika na kutabasamu kwa wakati mmoja. Watu walipoona mama zao wanatangazwa chini ya tabasamu lile, walikuja juu. Nao wakaja juu wapi? Katika kundi la misiba! Hapakuwa na mtu aliyefikiria kwenda kubishana kwingine. Wardah mwenyewe, mwenye kundi, hakuwafukuza. Aliona haya, maana wengine ni wakubwa zake.

Gershom, mwanafunzi wa sheria anayekaa Kiembeni, aliandika kurasa nzima. Huru ni huru, alisema, hata mwanasiasa ana haki. Ukianza kuchagua nani atumie na nani asitumie, hiyo si programu huria tena. Ustadh Talha wa Kisauni akaingia na mambo ya wakfu: je, kitu kisichoshikika kwa mkono chafaa kuwekwa wakfu? Na msimamizi wake ni nani? Mtu mwingine, asiyejulikana hata jina, akauliza Wardah amelipwa kiasi gani na mpinzani wa yule mgombea. Hilo lilimtia Wardah hasira mpaka akaunguza chapati.

Lakini aliyemwuma zaidi ni rafiki yake, Dancun wa Changamwe, mtu wa bara, anayemsaidia kila programu ikigoma.

"Wardah, aki wakfu si leseni," alimwandikia. "Bila leseni hakuna mtu ako na ruhusa. Hata mimi nikikusaidia niko kwa makosa."

"Wallahi nyinyi mutanitia wazimu," Wardah akamjibu.

Wiki ikaenda hivyo. Alijibu akipika, alijibu mteja akingojea cheti chake. Kila akimaliza mmoja, wawili wako mlangoni, na kila mmoja anaanza kwa "dada yangu mpendwa". Mwisho akaizima simu mlio, lakini kuisoma hakuacha. Huo ndio ugonjwa wa ubishi: unachukia, na bado unarudi kuona wamesema nini.

Jumamosi Dancun akampigia. Atavuka mwenyewe na kompyuta yake, wakae chini, wachague leseni moja ya kueleweka, kelele ziishe. Atafika kabla ya adhuhuri. Wardah akafurahi. Akakaa dukani anamngoja, na kwa kungoja akaona bora ammalize Gershom. Akaandika jibu refu, akalifuta, akaandika jingine kali zaidi, akalituma. Adhuhuri ikapita, Dancun haonekani. Gershom akajibu. Wardah naye akajibu.

Alasiri ilikuwa inakaribia Dancun alipoingia, jasho linamtiririka, suruali ina udongo mpaka magotini.

"Sasa hizi ndizo saa za kuja?" Wardah akamvamia. "Nimekaa hapa tangu asubuhi kama mlinzi!"

"Pole, dada. Nimetoka kuzika."

"Kumzika nani?"

"Hata simjui." Dancun akakaa, akajifuta uso. "Feri imechelewa. Nimeshuka tu, hapo njia ya makaburini nikapata wazee wamebeba jeneza. Wachache, wanapokezana hadi wanahema. Mmoja akaniangalia tu. Ningepita aje? Nikaingiza bega. Wakiomba nikasimama kando, halafu nikashika sepetu. Wameniambia anaitwa Mzee Faki. Alikuwa anashona viatu."

Wardah alimjua Mzee Faki. Nani Timbwani asiyemjua? Alikuja kutoka Pemba ujanani, hana mke wala mtoto, amepanga chumba kwa Bi Mwanatumu. Viatu vya shule vya Wardah alivishona yeye, na mara nyingi alikataa malipo.

Akaikamata simu. Akaanza kupanda juu kwa kidole, akipita matusi ya jana, picha ya mgombea, Ustadh Talha na msimamizi wake wa wakfu, Gershom, Gershom tena. Akaupata ujumbe. Ulitumwa asubuhi ile ile, na Bi Mwanatumu.

"Assalaam aleykum. Mpangaji wangu Mzee Faki kafariki alfajiri. Yuwazikwa baada ya adhuhuri. Hana jamaa. Wardah mwanangu, watangazie watu."

Chini yake moja kwa moja lilikuwa jibu la Wardah mwenyewe kwa Gershom, lile kali, kuhusu haki za mtumiaji. Na chini ya jibu hilo watu wote wale, kundi zima lililoapa kuwatetea wafu wa Likoni, waliendelea kubishana. Hakuna hata mmoja aliyeandika innalillahi.

"Safu ilijaa?" Wardah akauliza. Dancun hakumwelewa. "Watu walikuwa wangapi, Dancun?"

"Wangeenea kwa tuktuk mbili."

Dancun akafungua kompyuta yake taratibu, akauliza kama waanze na leseni.

"Ifunge hiyo," Wardah akamwambia.

Akaifungua Maziko Leo. Akaandika jina la Mzee Faki, akaandika msikiti. Pale pa saa vidole vikasita, kisha akaandika: "Ameshazikwa." Akatuma. Huko ng'ambo simu za watu zikalia.

Kundi likanyamaza, kwa mara ya kwanza wiki ile. Wardah akabaki anakikodolea macho kioo cha simu, anangoja mtu mmoja tu amwombee mzee wa watu rehema. Kisha Gershom akaandika:

"Dada yangu mpendwa, mbona hatukuambiwa mapema?"

Wardah akamwonyesha Dancun, akailaza simu kifudifudi juu ya meza, akalia.