Gauni la Njambi

Fundi wa kushona wa pale barazani, mjini Thika, alizungumza akiwa na pini mdomoni, na kejeli zake zilipenya katikati ya pini bila kuchomwa. Kila gauni la mtoto aliliachia pindo pana la kuteremshwa baadaye, maana watoto, alisema, hukua kama magugu, hawaombi ruhusa. Wamboi alipomletea gauni la Njambi litiwe kiraka, fundi aligeuza pindo akalikuta kama alivyolishona miaka miwili nyuma. Akamtazama mtoto.

“Mama Njambi, huyu umemwanika juani akasinyaa?”

“Ngai! Anakula kumshinda baba yake, na hajaugua hata siku moja. Si unaona tumbo hilo?”

Fundi akaligonga tumbo kwa kidole, kama anayebisha hodi. “Anayekula si yeye. Humu mna minyoo, na wanashiba kuliko mimi. Mpeleke hospitali kwanza.”

“Wewe ni fundi wa nguo au wa matumbo?”

“Wa nguo. Ndiyo maana sitaki aolewe akiwa na gauni hili hili.”

Wateja wakaangua kicheko. Wamboi akamshika Njambi mkono, akaondoka akimtukana fundi na ukoo wake mzima, na walipofika mlango wa hospitali alikuwa bado hajamaliza.