Niliendelea kupeleka vitu darasani kwa binti yangu, wakati yeye alishahama Bunia

Wakuu, salamu kutoka Bunia.

Hii imenikuta mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki yangu. Nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena. Nitajitahidi Kiswahili cha kueleweka na wote, ila maneno ya watu nitayaacha vile yalivyosemwa, kwa Kiswahili chetu cha huku. Wa Dar na Nairobi mtanivumilia.

Mimi ni mtu wa Butembo, nilikuja Bunia kutafuta maisha. Nina duka la misumari, rangi, bawaba, kufuli, vitu vya namna hiyo. Mke wangu ni Kavira. Mtoto tunaye mmoja, Gracia, na alikuwa ameanza darasa la kwanza, yaani première kama tunavyosema.

Shule yenyewe ni ya kawaida. Matofali, sakafu ya udongo, madirisha ya mbao yaliyolegea. Mwalimu wao, Madame Odette, alikuwa na groupe ya WhatsApp ya wazazi na humo ndimo alimokuwa anaomba. Leo chaki, kesho ufagio, siku nyingine ndoo ya kunawia mikono. Habari za serikali tuziache, uzi utageuka mwingine.

Kila mzazi alileta alichoweza. Kuna mama anauza mihogo sokoni, alitoa mkeka wa sebuleni kwake ili watoto wasikae kwenye vumbi.

Mimi nilileta rangi ya ubao, nikaupaka mwenyewe Jumamosi moja, Gracia akinishikia kopo na kujichafua sketi. Kavira alitukaripia wote wawili.

Basi, mama mkwe akapooza upande mmoja kule Butembo, na hakukuwa na wa kumwangalia. Kavira akaenda, na mtoto akaenda naye, maana mimi nashinda dukani. Tulisema ni kwa muda kidogo. Muda kidogo ukawa mrefu, karatasi za kuhama zikaombwa, Gracia akaandikishwa shule ya kule.

Hatukugombana, nataka hilo lieleweke. Hakuna aliyemkosea mwenzake.

Barabara ya kutoka Bunia hadi Butembo, wanaoijua wanaijua. Kupita Komanda na Beni si safari ya mtu kuamka na kusema naenda kusalimia. Tukawa watu wa simu. Mwanzoni Gracia alikuwa ananieleza mambo marefu yasiyo na mwisho. Baadaye ikawa "Bonjour papa", halafu nasikia miguu yake ikikimbia, halafu sauti ya Kavira inarudi.

Nyumba ikawa kubwa. Nilianza kula malewa, yaani kwa akina mama wanaouza chakula pembeni ya barabara. Kupika najua. Ila bugali ya mtu mmoja inachosha roho, unaisonga ukimaliza huna wa kumwambia karibu.

Sasa ile groupe ya wazazi, hakuna aliyenitoa.

Siku moja nikiwa dukani ujumbe ukaingia. Madame Odette ameandika: "Bonjour bazazi. Mvua inaingia mu classe, madirisha haifunge tena. Mwenye anaweza kutengeneza atusaidie."

Nilikuwa nimeegemea kasha zima la bawaba. Nikajibu: niko.

Nilikwenda na bisibisi na nyundo. Watoto walikuwa ndani wanasoma. Nilipotokea mlangoni, wawili watatu wa mstari wa mbele wakasema kwa pamoja, "Papa Gracia!"

Wakuu, sijui kama nitaeleza vizuri. Huku kwetu ukishazaa, jina lako ni la mtoto wako. Tangu wao waondoke hakuna mtu Bunia aliyekuwa ananiita hivyo. Dukani mimi ni patron. Kanisani mimi ni ndugu. Jirani ananiita voisin. Nilisimama pale mlangoni nikajifanya natafuta misumari mfukoni.

Nikatengeneza madirisha, nikaenda zangu.

Halafu nikarudi. Nikapiga ndoano za kutundikia mifuko ya watoto. Nikarudi tena kukaza dawati lililokuwa linacheza. Yakiombwa naleta, yasipoombwa nauliza. Madame Odette alikuwa ananiuliza jambo moja tu, "Gracia iko muzuri?" Namjibu iko muzuri. Anaendelea na somo lake.

Yeye alijua mtoto hayupo. Wazazi wengi hawakujua, na mimi sikuwaambia. Sikusema uongo, hakuna aliyeniuliza.

Ikaja réunion, yaani mkutano wa wazazi. Komite ilikuwa na mkubwa mpya, Mama Exaucé, mama mwenye msimamo, anapenda mambo yake yanyooke. Akataka kila mzazi asimame, ataje mtoto wake na kitu atakacholeta. Ilipofika zamu yangu nikasimama na kusema mimi ni Papa Gracia, nitaleta rangi ya ukuta.

Mama mmoja nyuma akauliza, bila ubaya wowote, "Gracia gani? Ule mwenye alienda Butembo?"

Nikasema ndiyo.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Watu waligeuka kunitazama, halafu wakageuka mbele kwa adabu, na mzazi aliyefuata akasimama. Madame Odette alikuwa anatazama meza.

Réunion ilipokwisha Mama Exaucé akaniita pembeni, chini ya paa la ofisi. Hakupandisha sauti.

"Papa, usinichukie. Mwanaume mwenye hana mutoto humu, kila mara iko mu classe ya batoto. Ingekuwa weye na mutoto yako iko mule ndani, ungesema nini?"

Nilifikiri kidogo, maana alistahili jibu la kweli.

"Ningesema vile unasema, mama."

"Basi utusamehe."

Tukapeana mkono. Nilipofika dukani nikakuta maandishi yale madogo kwamba Mama Exaucé ameniondoa kwenye groupe.

Sikumkasirikia, mpaka leo. Nchi hii watoto wameshapatwa na mengi, na mama anayelinda mlango wa darasa yuko kazini. Rangi nilimpa mtu wa moto, yaani wa pikipiki, aipeleke.

Lakini siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Nilibadilisha njia ya kwenda dukani ili nisipite mbele ya shule. Simu yangu ilinyamaza namna ambayo sikuitegemea. Sikuwa nimetambua kwamba kelele yote ya simu ile ilikuwa ni chaki na mifagio. Jioni nafungua redio nisikie mtu anaongea, sijali anasema nini.

Kisha Madame Odette akaja dukani. Alitaka kufuli ya darasa. Nikamtolea za aina mbili, akawa anazipima mkononi, na huku anazipima akasema:

"Ni miye niliandika karatasi ya kumuhamisha. Nilijua tangu mwanzo."

"Juu ya nini haukunifukuza?"

"Ulikuwa unatengeneza madirisha."

Akachagua kufuli. Halafu akauliza, "Kule Butembo, mwalimu wake anaitwa nani?"

Sikujua.

"Na classe yake inakosa nini?"

Hilo nalo sikujua. Akasema aksanti, akaenda. Hakunihubiria hata neno.

Nikampigia Kavira saa ileile, wateja wakiwa wamesimama. Nikamuuliza mwalimu wa Gracia ni nani na darasa linakosa nini.

"Anaitwa Mwalimu Kambale," akasema. "Banaombaka kila kitu. Kila samedi bazazi banafanya salongo."

Samedi ni Jumamosi, na salongo ni kazi ya pamoja, kwa wasiojua.

"Nani anaenda?"

"Miye. Nabebaka mchanga pamoja na mabwana za benzangu. Mbele balikuwa banauliza bwana yangu iko wapi. Sasa habaulize tena."

"Haukuniambia."

"Nilisema uko na kazi yako."

Yaani wakuu, mimi huku nakaza madawati ya watoto wa watu, na mke wangu kule anabeba mchanga kama hana mume. Kila mmoja peke yake, na simu tunapiga kila siku.

Nilifunga duka. Nikapakia mbao zilizokatwa tayari, skrubu na rangi kwenye lori la mfanyabiashara mmoja ninayemfahamu, nikapanda nalo. Safari siwasimulii. Tulifika, Mungu asifiwe.

Gracia amerefuka. Ana rafiki zake, anaongea nao Kinande kwa kasi, majina yao siyajui. Alinisalimia vizuri, kama anavyomsalimia mgeni wa mama yake. Jumamosi nikaenda salongo, nikatengeneza rafu ya vitabu na wababa wa pale. Kavira alibaki kukaa na mama yake. Alisema ni Jumamosi yake ya kwanza ya kukaa.

Jumatatu, siku ya kurudi, nilimsindikiza Gracia shuleni mapema. Akanionyesha dawati lake, karibu na ukuta. Akaniambia nikae. Nikakaa, magoti yamefika kifuani. Akanitazama kidogo, akaridhika, akasikia wenzake uwanjani, akatoka mbio.

Nikabaki pale peke yangu. Nilidhani atarudi. Nikawa nasoma maandishi ya ubaoni, herufi za watoto, nasikia sauti yake nje na kujaribu kuitofautisha na za wengine. Mara nyingine niliweza.

Kengele ikalia, wakaingia wote kwa vumbi na kelele. Gracia akaja akasimama mbele yangu.

"Papa, toka. Tunaanza."

Nikatoka. Dirishani nilimwona ameshafungua kaye yake, yaani daftari, anaandika, ulimi nje.

Nimerudi Bunia, duka liko wazi. Bibi yake Gracia bado yuko kitandani, kwa hiyo bado tuko hivyo hivyo, na sina mwisho mzuri wa kuwapa. Ila siku hizi nampigia Mwalimu Kambale mwenyewe. Ananiambia kinachokosekana, na ananiambia Gracia ameketi na nani.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukiwa mbali na mtoto, usiulize tu kama amekula na kama ni mzima. Uliza yuko na nani mchana kutwa, na mahali anapokaa pakoje. Na mwenzako aliye naye kule, muulize amebeba nini.

Wenye mnaishi mbali na watoto wenu, karibuni tuongee. Mnafanyaje? Hata kama huna la kusema, niandikie tu jina la mwalimu wa mtoto wako.